Mstari Mmoja Kila Asubuhi

Fundi Gaudens aliweka cherehani yake kwenye baraza la Mtaa wa Sikukuu, hapa Kariakoo, hatua tatu kutoka meza yangu ya vifungo na nyuzi. Tulikaa jirani miaka kumi na minane. Alikuwa Mmakua wa Masasi, mtu wa maneno machache, na Jumapili hakosi misa.

Kila asubuhi, kabla hajagusa nguo ya mtu, alitoa kwenye droo kipande cha marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, akakiweka chini ya sindano na kushona mstari mmoja ulionyooka. Akakata uzi, akakunja kitambaa, akakirudisha. Hapo ndipo siku yake ilipoanza.

Alifundishwa na mzee Jitendra, aliyekuwa na duka la sare: jaribu uzi kwanza, ndipo ushone cha mteja. Mzee alifariki, duka likafungwa, Gaudens akaendelea. Kitambaa kikijaa aliungia kingine, mpaka kikawa kirefu kama jamvi.

Siku moja nikamuuliza, "Fundi, hiyo ni dua?"

Akacheka. "Dua naomba nyumbani, Bi Mwanamkuu. Hii ni ya mkono tu. Nisipoipiga, siku nzima inanikalia kombo."

Mimi naswali, najua swala ilivyo. Ile haikuwa swala. Hakuomba kitu, wala hakumwogopa mtu.

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa na mitumba ikamiminika. Marobota yalipasuliwa mbele yetu, suruali ya Ulaya ikauzwa chini ya bei ya kushonesha. Mafundi wenzake wakaondoka mmoja mmoja. Kuna siku ule mstari ndio ulikuwa kazi yake pekee tangu asubuhi hadi jua linazama. Lakini aliupiga, na jioni alifunika cherehani kama mtu aliyetoka kazini.

Mkewe, Ritha, alikuwa akikaanga maandazi Gerezani. Mwaka wa tisini na tatu miguu yake ikaanza kuvimba. Hospitali walimpa vidonge, vikaisha, wakampa vingine. Akaenda kwenye mkutano wa Injili Jangwani, akaokoka, na huko akaambiwa kuna kitu cha mtu wa nyumbani kwake kimemfunga.

Asubuhi moja akaja barazani akiburuta miguu, pamoja na mchungaji kijana aliyeitwa Samson na akina mama wawili. Gaudens alikuwa ndiyo kwanza anakata uzi.

"Baba Anselmi," Ritha akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "hicho kitambaa ni cha nini?"

"Si unakijua siku zote? Najaribia uzi."

"Miaka yote hiyo unajaribu uzi?" mchungaji akauliza, kwa upole kabisa. "Baba, nani alikuagiza?"

"Fundi wangu."

"Yuko wapi?"

"Alishakufa."

Akina mama wakatazamana. Mchungaji akanigeukia. "Mama, wewe jirani yake. Unajua maana yake?"

Ningesema nini? Kwamba mtu huyu bila ule mstari hana siku? Nikasema, "Sijui, mwanangu." Neno hilo nalijutia mpaka leo.

Gaudens hakubisha. Aliitazama miguu ya mkewe, ngozi imevutika mpaka inang'aa, kandambili haziingii. Akatoa jamvi lote la kitambaa kwenye droo, akalikabidhi.

"Kama ni hiki, chukueni. Apone tu."

Walikichoma kwenye uwazi nyuma ya nyumba. Moshi ulikuwa kidogo sana.

Ritha hakupona. Wiki ya tatu uvimbe ulifika magotini, na mchungaji aliendelea kuja, akiomba mpaka sauti inakauka, kwa sababu na yeye hakuwa na kingine cha kumpa. Gaudens alifika barazani saa moja kama kawaida, akakaa, mikono mapajani. Wateja wachache waliokuja aliwashonea, lakini mishono ilianza kwenda upande. Wengine hawakurudi.

Mwezi wa sita Ritha alimfuata barazani, ameshikwa mkono na jirani wa nyumbani kwao. Alinunua kwangu yadi moja ya marekani niliyomtafutia duka la pili, akamwekea mumewe juu ya cherehani.

"Shona, Baba Anselmi. Hata mmoja. Nilikosea."

"Hukukosea. Ulikuwa unaumwa."

"Basi shona."

Akaweka kitambaa chini ya sindano, akakanyaga mara mbili, akaacha. Alijaribu tena. Kisha akamgeukia mkewe, akasema taratibu, kama anayeomba radhi, "Haiji, mama. Sasa nashona kwa ajili yako. Zamani sikuwa nikishona kwa ajili ya kitu chochote."

Ritha akakaa chini barazani pale pale, akalia, na mimi sikujua nimshike yupi.

Ritha alizikwa mwezi wa tisa. Anselmi akaja kumchukua baba yake, wakarudi Masasi. Cherehani walimwachia fundi mmoja wa viatu, naye aliitoa sindano akaweka nene ya kushonea ngozi.