Njia Isiyo na Watu

Nyuma ya vilima vya Amukura kuna njia isiyo na lami wala matrela. Ukitoka Busia unaifuata ikipanda juu ya mawe, inapita katikati ya mihogo na mtama, inazunguka vijiji kadhaa, halafu inateremka upande wa Malaba. Nilipokuwa na nguvu niliipita kwa baiskeli, mtoto mgongoni, gunia la dagaa kwenye keria. Kila kona ina mtu wake aliyeanguka pale, na jina lake ninalo, na la baba yake pia, ila hapa sitaandika. Mmoja alishukiwa shingoni na gunia lake mwenyewe la chumvi, hakuinuka tena. Mwingine alikatwa panga kwa sababu ya baiskeli ambayo hata breki haikuwa nayo. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba njia ile ni tulivu, ninamtazama tu.

Huyu ninayemsimulia alikuja Jumapili, miaka si mingi iliyopita. Nilikuwa nimetoka misa, gomesi yangu ya bluu, gauni refu la mshipi na vifungo vya begani, bado mwilini, nimeketi nje nachambua kunde. Akasimama mbele yangu mwanamume wa kama miaka thelathini na tano, kaptula imembana mapaja, kichwani kofia ngumu kama sufuria iliyogeuzwa, miwani myeusi. Baiskeli yake ilikuwa nyembamba. Haikuwa na keria, wala madigadi, wala kengele.

"Shosho, habari ya mchana?"

"Shosho ni wa kwenu Nairobi. Hapa bibi huitwa tata."

Akacheka. "Basi tata. Hii njia inafika Malaba?"

"Inafika. Lakini barabara ya lami iko kule, mbona unajitesa?"

"Kule kuna malori mengi. Mimi natafuta njia isiyo na watu."

Nilimwonyesha kwa kidole. Akatoa simu, akapiga picha njia panda, akaandika kitu, akapanda. Nilirudi kwenye kunde zangu, lakini lile neno lilikataa kutoka kichwani. Njia isiyo na watu. Wiki tatu kabla ya hapo jirani yangu, mzee aliyenizidi miaka, aliibiwa maksai wawili alfajiri. Alipojaribu kushika kamba walimkata vidole vitatu, wakavusha ng'ombe mtoni hadi Uganda. Vidole vyenyewe tuliviokota mlangoni pa zizi. Sasa ni nani anayetafuta njia isiyo na watu, kama si mtu ambaye hataki kuonwa?

Nikainuka nimfuate kwa macho. Nikamwona amechutama nyuma ya zizi la yule yule jirani, mgongo ameuelekeza kwangu, mkononi kitu cha chuma kinang'aa.

Nikapiga nduru.

Asiyekaa kwetu ataona ni kelele tu za mwanamke. Kwetu nduru ni amri. Ukiisikia unaacha ulichoshika na kukimbia, na hakuna anayeuliza kwanza. Wanaume walitoka kwenye nyumba ya pombe, mmoja bado ameshika mrija aliokuwa akinywea. Walitoka mashambani na jembe, na uwanjani na viatu vya mpira. Walipofika kwangu nilisema maneno machache tu: "Nyuma ya zizi. Ameniuliza njia isiyo na watu."

Walimpata bado amechutama. Kwanza alisimama akawasalimia. Ngumi ya kwanza ilimkuta na salamu mdomoni.

Goti langu ni bovu, nilifika nyuma ya wengine wote, lakini sauti nilizisikia njia nzima.

"Unataka njia isiyo na watu? Sisi hapa ni nini, mbuzi?"

"Jamani, mimi si mwizi! Mimi ni mwendesha baiskeli!"

Hapo walicheka sana. "Nani hapa si mwendesha baiskeli? Hata padri anaendesha! Mzigo wako uko wapi?"

"Sina mzigo. Naendesha tu."

"Anaendesha tu! Anapanda mlima wa mawe, jua la saa nane, bure bure tu! Chapa yeye!"

Na kweli hilo ndilo lililommaliza. Angesema anauza mayai, labda wangetaka kuyaona. Lakini hakuna kati yetu aliyewahi kuona mtu mzima akipanda vilima vile bila kubeba kitu, wala kumfuata mtu, wala kumkimbia mtu. Jibu lake lilikuwa la kweli, na kila aliporudia walimwongezea kipigo.

Mawe ya kwanza yaliishia kwenye kofia. Mmoja akamvua, akaivaa yeye, akacheza ngoma kidogo watu wakampigia makofi. Baada ya hapo mawe hayakuwa na cha kuyazuia. Mpini wa jembe ulimpata kwenye taya, nikasikia mfupa, mlio kama wa kuvunja muwa. Mwingine alikuwa ameng'oa pampu, ndicho kile chuma nilichokiona kiking'aa, akamchoma nayo chini ya jicho. Mtu alikuwa anazunguka chini kwenye vumbi kama kuku aliyekatwa kichwa, na watu ninaowajua tangu wamefungwa nepi walikuwa wanagombania nafasi ya kumfikia. Baadhi yao niliwapokea mimi, kwa mikono hii, walipotoka tumboni kwa mama zao.

Baiskeli ilikuwa imetupwa pembeni. Nilishikilia tandiko lake nipumzishe goti, na hapo nikaona gurudumu la nyuma limelala, halina upepo kabisa. Kando yake kuna viraka, msasa na kichupa cha gundi ya solusheni, kifuniko kimefunguliwa. Hivyo vitu nilitembea navyo miaka yangu yote ya baiskeli. Mwizi hakai nyuma ya zizi la mtu mchana akiziba pancha.

"Ni pancha!" nikapiga kelele. "Wacheni, ana pancha tu!"

Nani angesikia? Mmoja alinisukuma kwa kiwiko. "Tata, kaa kando, utaumia."

Ndipo nikamwona mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pili. Yeye ni mtu wa bodaboda. Alikuwa amekuja na tairi kuukuu begani na chupa mbili za petroli, zile wanazouza kando ya barabara. Tairi lilishaingizwa shingoni mwa yule mtu. Watu walirudi nyuma hatua mbili, kama wanavyorudi moto unapokaribia. Mkwe wangu akaanza kumwaga.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Hawali pamoja. Akiniona njiani anaingia majanini mpaka nipite, na mimi ninageuza uso. Miaka kumi na minne hatujawahi kutazamana machoni.

Nilikwenda nikasimama mbele yake. Nikafungua mshipi wa gomesi, ukaanguka chini. Nikafungua kifungo cha kwanza cha begani.

"Washa," nikamwambia. "Washa, na mimi nivue. Uone tumbo lililomzaa mkeo. Waone wote."

Nikafungua kifungo cha pili, na gomesi ikashuka begani, nikaishikilia kwa mkono mmoja.

Mkwe wangu alitoa sauti ambayo sijui niifananishe na nini. Chupa ilimponyoka ikapasuka kwenye jiwe. Alijifunika macho kwa mkono wenye petroli, akapiga yowe kwa sababu ilimwasha machoni, akakimbia akijikwaa kwenye mihogo. Wengine waligeuza migongo wakatawanyika bila kuangaliana. Yule wa kofia aliivua, akaiweka chini taratibu, kama anayerudisha chombo cha watu.

Nikafunga vifungo, nikamtoa tairi shingoni. Alikuwa anapumua kwa mapovu. Pikipiki iliyompeleka hospitali ilikuwa ya mmoja wa wale waliompiga, hakukuwa na nyingine. Tulimkalisha katikati, mimi nyuma nimemshika kichwa. Mteremko mzima damu yake iliingia kifuani mwangu, ikiwa ya moto, na mwenye pikipiki alikuwa analia na kuuliza, "Tata, yuko? Tata, bado yuko?"

Alikuwepo. Jicho moja halikupona. Mbavu nne zilivunjika, na taya lilifungwa kwa waya.

Polisi walikuja kuuliza majina. Nilikuwa nayo yote, kumi na tisa, na ya wazazi wao. Nilianza na langu. Afisa akafunga daftari akacheka. "Mama, nyanya hawapigi watu. Wewe ndiye uliyemwokoa, kila mtu anasema." Nilimwambia nduru ilikuwa yangu. Akasema nduru si kosa, na akaomba maji ya kunywa.

Mkwe wangu hajakanyaga kwangu tangu siku hiyo. Anataka kondoo achinjwe ili tutakaswe laana ya siku ile. Binti yangu huja peke yake, anakaa mlangoni, haingii.

Mama yake yule mtu alikuja kutoka Nairobi, mjane, mdogo kwangu kwa miaka kama ishirini. Mwanawe alikuwa amemwandikia kwenye karatasi kwamba bibi mzee mwenye gomesi ya bluu ndiye aliyemtoa motoni. Mara ya kwanza aliponiona alipiga magoti sakafuni pale wodini, akanishika miguu. Alinipa blanketi. Siku kumi na mbili nilipeleka uji wa mtama, na siku kumi na mbili alinibariki mbele ya wagonjwa. Yule kijana wake alikuwa ananyonya uji kwa mrija kati ya waya, akiniinulia kidole gumba. Blanketi lile sikujifunika hata usiku mmoja.

Siku ya kumi na tatu niliweka kikombe chini.

"Mama, aliyepiga nduru ni mimi."

"Nduru gani?"

"Ile iliyoita watu. Hakuna mwingine aliyemwona. Nilimwonyesha njia, halafu nikamwitia watu."

Aliinuka. Kisha alinizaba kofi lililoniangusha leso kichwani. Wodi nzima ikageuka. Nesi akaja mbio. "Mama! Unapiga mzee?"

"Mwache," nikasema.

Akainua mkono tena. Kitandani mwanawe alikuwa anaguna puani na kugonga chuma cha kitanda kwa kijiko, ta, ta, ta, ametutolea jicho lake moja. Mkono ulikaa juu. Ukashuka polepole. Akaketi kwenye benchi, na kwa kuwa benchi lilikuwa moja, nikaketi upande wa pili.

"Kesho usije," akasema bila kunitazama.

"Nitakuja."

"Nitakupiga tena."

"Nitakuja," nikamwambia, nikainama kuokota leso yangu.