Siku Kwaya Iliponikuta Nimefungwa Koti la Kichaa

Najua wengi wenu mmeiona ile video, msijifanye. Yule mwanamke mwenye koti jeupe lililojaa damu, mikono imefungwa kifuani, anapiga kelele katikati ya ua huku wanakwaya wanamkemea pepo, ni mimi. Mimi mwenyewe, Mama Furaha, fundi cherehani wa Bellevue. (Ndiyo, mtu aliyelazwa hospitali kwa ugonjwa wa huzuni anaitwa Mama Furaha, chekeni mmalize, hata mimi huwa nacheka.) Aibu yenyewe nimeshaimeza, ila hasira bado iko hapa kooni, kwa hiyo leo mtanivumilia.

Mambo yalianzia kwa binti yangu. Furaha ana miaka kumi na sita, amezaliwa hapahapa Joburg, Kiswahili anakisikia chote lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, na akikasirika anahamia Kizulu ili nisimfuate. Huyu mtoto hana ulevi mwingine isipokuwa manga, vile vitabu vya katuni za Kijapani vinavyosomwa kutoka nyuma kuja mbele. Sasa kulikuwa na tamasha la wapenda katuni, watu wanakwenda wamevaa kama wahusika wanaowapenda, na yeye na rafiki yake Lindiwe walikuwa wameshachagua. Akaja na kitabu mpaka kwenye cherehani, akanifunulia ukurasa.

"Mama, nataka kuwa huyu."

Nikatazama. Msichana macho kama sahani, nywele zimesimama, anacheka mpaka mdomo umechanika kufika masikioni, na amevaa koti jeupe lenye mikono mirefu kupita vidole, inapishana kifuani, halafu inakazwa na mikanda mgongoni.

"Ni nani?"

"Mgonjwa. Ametoroka hospitali ya vichaa, anaua watu."

"Na huyu mwenye miwani?"

"Daktari wake. Ndiye aliyemharibia ubongo kwa majaribio. Lindiwe atakuwa daktari."

Nikasimamisha cherehani. Lazima mjue, kwa wale wasiojua, kwamba mwaka jana mama yangu alifariki kule kwetu Uvira na mimi sikuweza kwenda kumzika kwa sababu ya karatasi zangu za ukaazi, na baada ya hapo usingizi ukanihama, chakula kikanishinda, mpaka siku moja nikakaa kwenye kituo cha teksi za mjini tangu asubuhi, teksi zinajaa zinaondoka, mimi nimekaa, sijui nilikuwa nakwenda wapi. Nikalazwa. Wodi ya akili, ndiyo, ileile. Na sikumwona muuaji hata mmoja mle ndani. Niliona mwalimu mstaafu anayelia akisikia redio, niliona msichana wa kibanda cha nywele ambaye aliacha kuongea, tulicheza karata, tulikunywa chai ya maziwa iliyopoa. Daktari wangu alikuwa dada kijana mwenye misuko, amechoka, anasikia baridi siku zote, aliniuliza kuhusu usingizi na kuhusu mama yangu, akasubiri nijibu. Miwani hana.

"Furaha," nikasema, "ulipokuja kuniona wodini nilikuwa nimevaa hivi?"

Akainama. "Ni katuni tu, Mama."

Katuni tu! Nikamwambia basi kaa hapo unisomee hizo katuni tu, zote ulizonazo zenye wagonjwa wa akili, mimi nashona wewe unasoma. Jamani. Mwenye ugonjwa wa akili kwenye vile vitabu ana kazi mbili, aue watu au awe na akili za ajabu za kuwasaidia polisi kuwakamata wanaoua watu. Kidonge ni sumu siku zote. (Mimi changu nakimeza na uji, sijaota pembe.) Daktari miwani yake inang'aa nyeupe usiweze kuona macho yake, maana yake ujue huyo si mtu. Kitabu kimoja tu ndicho kilichoninyamazisha, familia imemficha kijana wao chumbani juu, wanamwachia sahani mlangoni na kuwaambia majirani kwamba yuko masomoni ng'ambo. Hapo sikubisha. Nyumba ya namna hiyo naijua, iko mtaa wa Bertrams, na hakuna Mjapani ndani.

Mtaniuliza, kama uliudhika hivyo, koti ulilishona kwa nini? Nililishona kwa sababu nilipokuwa nimelazwa yule mtoto alikuja kila siku ya kutazama wagonjwa, na sare ya shule mwilini, wakati watu wazima wa kanisani kwangu walituma salamu. Na tuseme ukweli, fundi ni fundi, nilitaka kujua lile koti linakatwaje. Nikalishona vizuri mno. Lindiwe akalimwagia rangi nyekundu, yeye anaita sanaa.

Ikafika Jumamosi, kesho yake ndiyo tamasha, na siku hiyohiyo mchana kwaya ilikuwa inakuja kupimwa nguo mara ya pili. Hiyo kazi ya kwaya msiione ndogo. Tangu nitoke hospitali, wateja walikuwa wananikwepa, mama mmoja alichukua gauni la harusi ya mwanawe likiwa nusu, eti nisije nikapata "shida na sindano". Kwaya ndiyo ilikuwa ya kwanza kunirudia, vitenge vyao vilikuwa vimepangwa kitandani kwangu, na nilikuwa nimefagia tangu alfajiri.

Furaha akajaribu koti, akalalamika mikono inamvuta mgongoni. Nikamwambia simama nione, hasimami, anacheza na simu. Na mimi na yeye tuna umbo moja. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, uamuzi wa sekunde, nikasema, "Lete nivae mimi, wewe kaza mikanda, nitajua panapovuta."

Akakaza. Kweli palikuwa panavuta, kwenye kwapa la kushoto. Kabla sijamaliza kusema, simu yake ikalia, Lindiwe yuko kwenye robot ya chini, zile taa za barabarani, amepotea, ana mizigo.

"Nakuja now-now, Mama!" Akatoka mbio.

Mnaijua now-now ya hapa. Inaweza kuwa sasa, inaweza kuwa Krismasi.

Na watu wetu, wanaochelewa mpaka mazishini, siku hiyo wakawahi. Nikasikia, "Hodi, Mama Furaha!" Sauti ya Mama Debora, mwenyekiti wa kwaya. Nikaita, "Subirini! Msiingie!" Sasa ukimwambia Mama Debora asiingie ndiyo umemfungulia mlango. Akaingia, nyuma yake waimbaji watatu, na nyuma yao Pasta Elie, aliyekuja kuhakikisha shingo za magauni hazishuki sana.

Wakanikuta katikati ya chumba, nimefungwa, damu mpaka kiunoni, najikunjakunja nikijaribu kulegeza mkanda kwa kuusugua ukutani.

Mama Debora alipiga ukelele, nafikiri ulisikika uwanja wa mpira. Wakarudi nyuma wote kwa pamoja, wakatokea uani, na mimi (hili ndilo kosa la pili) nikawafuata ili niwaeleze. Hebu fikirieni wenyewe wanachokiona. Wanakimbia, na kichaa huyo anakuja nyuma yao.

"Ni nguo tu!" nikasema. "Ni ya manga!"

"Anasema ya nani?" Pasta akauliza.

"Ya manga! Ya Wajapani!"

"Pepo la Kijapani!" akalia mwimbaji mmoja, na maombi yakaanza hapohapo, mikono juu, toka, toka, kwa jina la Yesu toka. Nyumba yetu mnaijua, ina vyumba vingi, kila chumba wapangaji wa nchi yake, basi milango yote ikafunguka na jirani mmoja akatoa simu.

"Nifungueni mgongoni!" nikapiga kelele.

"Msimfungue!" akasema Mama Debora. "Amefungwa kwa sababu! Nani amekufunga, mama?"

"Binti yangu!"

Mama Debora akaanza kulia. "Mtoto maskini. Imebidi amfunge mama yake mzazi."

Hapo nikakasirika, nikakasirika hasa, nikawaambia wao ni wajinga, wanaingia nyumba ya mtu bila ruhusa, waache kunitemea mate ya maombi usoni. Na Pasta Elie akanisogelea polepole, kama mtu anayemsogelea mbwa asiyemjua, akasema kwa sauti laini, "Mama Furaha, leo umemeza dawa zako?"

Ndugu zangu, lile swali. Mtu mwingine akikasirika, watu wanauliza ameudhiwa na nani. Mimi nikikasirika wananiuliza kama nimemeza dawa. Nikipaza sauti ni dalili, nikinyamaza nayo ni dalili, na nikicheka wanatazamana. Nilikuwa nimemeza, mkitaka kujua. Nilikuwa na akili zangu zote kuliko mtu yeyote kwenye ule ua, na sikuwa na namna ya kuthibitisha, kwa sababu kila neno nililolitoa lilikuwa linaniongezea ugonjwa.

Ndipo geti likafunguka, akaingia Lindiwe. Alishavaa vyake. Koti refu jeupe la daktari, miwani ya duara, na mkononi bomba la sindano la plastiki kubwa kama pampu ya baiskeli.

"Asante Mungu," Pasta Elie akasema kwa Kiingereza, akamkimbilia, "daktari amefika! Daktari, mgonjwa ni huyu!"

Sasa Lindiwe ni msichana wa Soweto, Kiswahili hajui, alichokiona ni mama wa rafiki yake ndani ya vazi, watu wamemzunguka wanapiga kelele, simu inarekodi. Akadhani ni mchezo, na yeye kwenye mchezo harudi nyuma. Akainua lile bomba juu, akacheka kile kicheko cha daktari wake wa kwenye kitabu, kirefu, kibaya.

Kwaya ilitawanyika. Mmoja alipita na kamba ya nguo za jirani, mwingine alijifungia chooni. Pasta Elie sitasema alikwenda wapi, namheshimu bado kidogo.

Furaha alifika na mkate mkononi (alipitia duka la spaza kwanza, bila shaka), akaona, akautupa, akaja kunifungua. Tukaeleza. Vitabu tukaleta, picha tukaonyesha. Wakaelewa. Nilitegemea wacheke, tungecheka wote yaishe. Mama Debora akajipangusa machozi, akaingia ndani, akaanza kukusanya vitenge kitandani.

"Tunashukuru Mungu si kama tulivyodhani," akasema. "Lakini mtu wa hali yako kuchezea vitu kama hivi, hapana. Tutampa fundi mwingine. Wewe upumzike."

"Sijachoka," nikamwambia.

"Upumzike tu, mama."

Wakaondoka na vitenge vyote, pamoja na vile nilivyokwisha kukata.

Nilikaa kwenye kiti cha cherehani. Nilichokuwa nawaza ni hiki, na mpaka leo nakiwaza. Yule mchoraji huko Japani hajui Bellevue iko upande gani wa dunia. Mama Debora hajafunua manga tangu azaliwe. Lakini wote wawili wanalijua koti lilelile! Mama Debora alipoliona hakuuliza ni nguo gani, alijua, alikuwa amenivisha kichwani mwake tangu siku niliyotoka hospitali, mimi nilichofanya ni kulishona tu.

Furaha alilia mpaka macho yakavimba. Tamasha hakwenda. Jioni akaniletea kitabu kingine, chembamba, akakaa karibu yangu. Humo kuna mwanamke amelala anatazama dari. Kurasa nyingi, hakuna neno. Vyombo vinajaa kwenye sinki, simu inaita inakata. Halafu dada yake anakuja, hamuulizi kitu, anaosha vyombo. Daktari yumo pia, kwenye picha ndogo, anamsikiliza, basi. Nikamwambia Furaha rudisha ukurasa, rudisha tena. Huyu aliyechora hivi alilala kwenye kitanda changu cha wodini.

"Kwa nini hukunionyesha hiki mapema?"

"Hakuna mtu anayejivika kama huyu kwenye tamasha, Mama," akasema, na mara hii alijitahidi kwa Kiswahili. "Yeye anavaa pajama tu."

Jumapili ya wiki iliyofuata nilikwenda kanisani, kwa makusudi, na nguo yangu nzuri. Watu walinisalimia kwa ncha za vidole. Ibada ilipoisha nilikuwa nashuka ngazi, lile jengo letu la zamani lina ngazi za giza, nikasikia mtu ananishika kiwiko. Mama Debora. Akanivuta pembeni, mdomo karibu na sikio langu.

"Mama Furaha, naomba neno. Kuna mtu. Mdogo wangu. Halali, halii, hatoki chumbani. Ile kliniki unayotibiwa..."

Nisiwadanganye, nilitaka kumwambia ampumzishe. Lilinifika ulimini. Halafu nikamfikiria huyo mdogo wake, nikameza.

Nikamweleza jengo, mlango wa kuingilia, siku za wagonjwa wapya, na kwamba abebe chai kwenye chupa maana foleni ni ndefu. Nilimweleza kwa sauti yangu ya kawaida, ile ninayoitia wateja. Akashtuka, akatazama juu na chini ya ngazi.

"Polepole, mama, watu watasikia."

"Wasikie," nikasema. "Na mwambie mdogo wako kwamba daktari ni dada mpole, asiogope."

Vitenge havijarudi, na msamaha sijaombwa. Nimejiapiza kwamba sivai tena nguo ambayo siwezi kuifungua mwenyewe, hata mteja alie. Na kwa habari ya kunong'ona ugonjwa wangu kwenye ngazi za watu, hiyo nimeacha kabisa.