Mgeni Hasindikizwi Hadi Mlangoni Tu

Juzi rafiki niliyemtembelea aliniaga mlangoni, na kabla sijafika kwenye lifti nikasikia anafunga kufuli. Nikaikumbuka alasiri ile ya utotoni mwangu, mimi na mama tulipomsindikiza shangazi hadi Rissne, stesheni ya treni za chini ya ardhi huku ughaibuni.

Stesheni ilinuka mikate ya mdalasini na makoti yaliyolowa theluji. Kwenye geti la tiketi mama hakumwachia shangazi mkono. Walirudia habari zote za mezani, watu wakijazana nyuma yetu, mpaka mlinzi akaja.

“Mama, anasema tunaziba njia,” nilinong'ona.

“Mwambie huyu ni mgeni wangu. Simwachi hapa kama mtu aliyeleta barua.”

Nilimtafsiria mlinzi yote, hata hiyo barua. Mama akagonga kadi yake, akanivuta, tukashuka na shangazi. Ngazi za umeme zilishuka chini sana hata nikaamini zinafika kwetu Burundi, na kwamba shangazi hatumwoni tena. Kumbe alikuwa anateremka kituo cha pili. Tulimpungia mikono mpaka taa za treni zikapotelea gizani.

Jumapili yule rafiki anakuja kwangu. Nitamsindikiza mpaka treni ifunge milango, apende asipende.