Mjane Aliyekataa Kurithiwa kwa Ushahidi wa Kitabu

Nianze na ujinga wangu, wasomaji wa gazeti letu la shule, kabla hamjausikia kwa mwingine: nilibadilisha mwisho wa kitabu cha Wazungu, na mama mmoja wa Bwera, huku kwetu chini ya mlima wenye barafu, akauamini. Juma lililopita mama huyo, muuza chumvi, alifariki kwa homa, tukamzika kijijini Karambi katika shamba lake mwenyewe. Maneno hayo mawili, "lake mwenyewe", ndiyo yaliyonikalisha niandike.

Alikuwa jirani yetu. Miaka mitatu iliyopita mumewe alipokufa, shemeji yake, mwenye wake wawili tayari, alijiandaa kumrithi kama desturi inavyotaka, yeye pamoja na migomba yake. Likizo ile nilikuwa nimeazima shuleni riwaya ya Kiingereza ya karne iliyopita (sijairudisha, mwalimu aruke mstari huu), na akina mama wakimenya mihogo kwetu mimi niliwatafsiria. Ilimhusu mke wa tajiri aliyechoka kuwekwa sebuleni kama pambo, akamwambia mumewe ajimiminie chai, akaondoka. Mjane alisahau kisu mkononi. "Huyo mwanamuke iko na akili," alisema. "Sasa alienda wapi?" Mwisho nilikuwa nimeshausoma: mwandishi alimtupa mtoni. Ndivyo walivyo hao waandishi wa zamani. Wanampa mwanamke ujasiri kurasa mia tatu, kisha wanaogopa walichokifanya, wanamzika kabla ya jalada. Nikamtazama mjane, nikajibu, "Alifungua duka la chumvi."

Baada ya siku chache ukoo ukaketi. Mjane akasimama, akasema hataki bwana, anataka shamba, na kwamba jambo hilo hata Ulaya limeamuliwa na kuandikwa. Shemeji akacheka. "Kitabu gani? Muite huyo kijana." Nikaletwa na kitabu changu. Mzee mmoja aliyetoka jeshini, ambaye siku zote alitutambia kwamba Kiingereza amekula nacho sahani moja, akaninyang'anya. "Lete! Ukurasa gani?" Nikamfungulia wa mwisho. Akaukodolea macho kitambo kirefu. Mzee yule hajui hata herufi moja, lakini angekirije mbele ya ukoo mzima? Akakifunga kwa kishindo. "Ndiyo. Chumvi. Iko hapa." Nani angembishia afande? Na wazee, ambao ulafi wa shemeji ulikuwa umewachosha zamani, wakashukuru kupata sababu. Shamba likabaki kwa mjane, naye akaanza kuuza chumvi sokoni, maana alishaona kwamba biashara hiyo inalipa Ulaya.

Mwezi uliofuata nilimwendea nikamwungamia, mto na yote. Alimpimia mteja chumvi kwanza. "Mito yetu inatoka kwa barafu ya mulima," alisema. "Mutu ya akili ataingia humo kwa sababu ya mwanaume? Huyo aliandika hajui wanawake." Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mwisho wa hadithi si mali ya mwandishi peke yake, anayeuhitaji huubeba akaenda kuutumia.

Jana, tukirudi kutoka matangani, nilimsimulia mama yangu yote. Alinijibu tulipofika mlangoni.

"Kudanganya mutu mukubwa ni zambi, utaungama Jumapili," akasema. "Kitabu iko wapi? Kesho unaanza kunisomea tena toka mwanzo. Na baba yako akipita, usipunguze sauti."