Mapengo ya Wimbo wa Neema

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti kisichokuwa na mgongo, nikaambiwa nisikilize. Ilikuwa Gitega, katika ukumbi wa shirika dogo lililokuwa linamtafuta mtoto wa kuiwakilisha Burundi kwenye mashindano ya kimataifa ya kuimba. Watoto walipanga mstari kutoka ukumbini mpaka nje kwenye vumbi jekundu. Wengine walikuwa wametoka Bugendana kwa miguu, viatu mkononi ili visichafuke kabla ya kuonekana. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu karibuni na nilijiona najua kusikiliza.

Mtoto wa tatu alipomaliza nikauliza, "Bwana Direkta, tunajuaje kwamba huyu anaimba vizuri?"

Mkurugenzi wetu, mtu mnene wa suti ya kijivu ambaye sote tulimwita Direkta, alinitazama juu ya miwani. "We, Mamzele, umekuja kazi ao umekuja kutupa mtihani?"

"Nimekuja kazi."

"Eh bien, andika."

Tangu hapo nikawa Mamzele Maswali, yaani Binti Maswali. Hata mlinzi wa lango aliniita hivyo, na jina langu, Zuhura, likabaki nyumbani kwa mama, katika mtaa wetu wa mafundi cherehani.

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee, na mimi sina mvi. Kazi ndiyo iliyozeeka haraka. Shirika limefungwa, na mtu ambaye kazi yake imekwisha ni mstaafu, hata kama mama yake bado anamuuliza ataolewa lini. Naandika kwa ajili yenu mtakaokaa kwenye kiti kile siku moja, kama utafunguliwa ukumbi mwingine.

Kusikiliza watoto kuna ufundi wake. Unaanza na pumzi, si sauti. Mtoto anayevuta pumzi kifuani mabega yake hupanda, na mstari mrefu utamkatikia njiani. Anayevuta tumboni hutulia kama mtungi uliojaa. Halafu kuna toni, yaani kimo ambacho wimbo unaanzia. Mwenye woga huanza juu mno, na akifika kwenye kiitikio hana tena pa kupanda. Kilichotusumbua kuliko vyote ni bande. Hiyo ni muziki uliorekodiwa, ambao mtoto anauimbia akiwa peke yake jukwaani. Bande haimsubiri mtu. Ukichelewa inakuacha, kama basi la asubuhi. Niliuliza mara nyingi kwa nini tuwafundishe watoto kuimba na kitu kisichowasikia. Direkta alijibu sikuzote kwa neno moja: "Kanuni."

Baada ya msimu mmoja nilihamishiwa Muyinga. Huko nilifanya kazi na fundi wa sauti, Hamisi, ambaye familia yake yote mjini pale hutengeneza redio na kuuza nyaya. Tulizunguka naye makomuni, tarafa za kwetu, spika mgongoni mwa pikipiki. Nazikumbuka asubuhi zile kwa harufu: ukungu, moshi wa kuni, majani ya maharage yaliyolowa. Sijawahi tena kuwa na ofisi nzuri kiasi kile.

Mwakiro ndiko tulikompata Neema. Alikuwa mtoto wa familia iliyorudi kutoka Tanzania, mwembamba, anaongea Kiswahili cha shuleni kuliko sisi sote. Alisimama mbele ya mikro, akaweka mikono kwenye mabega ya mtu asiyekuwepo, akaanza kuimba kwa Kirundi. Hamisi alivua kofia. Kisha, katikati, mtoto akanyamaza. Akatutazama. Akaendelea. Akanyamaza tena.

"Amesahau maneno," nilimnong'oneza Hamisi.

"Mtoto akisahau anaangalia chini," Hamisi akasema. "Huyu anaangalia sisi."

Nikamuuliza mwenyewe, "Mbona unanyamaza?"

"Nilikuwa nawasubiri, dada."

"Unatusubiri sisi?"

"Ni salamu. Nimeshawasalimu. Hamjajibu."

Ule ulikuwa akazehe, salamu ya kuimba ya wanawake wa milimani. Wanakumbatiana, mmoja anatanguliza, mwingine anaingiza sauti yake katika mapengo, mpaka huwezi kujua nani anamsalimu nani. Mimi nililelewa mjini kwa Kiswahili na nilikuwa nimeusikia tu kwa mbali, harusini. Neema aliupata kwa bibi yake, Bibi Sabina, aliyeuimba miaka yote ya kambini kule Tanzania ili wanawake wasisahau walikotoka.

Nilimfuata Bibi Sabina shambani. Nikamweleza kwamba kwenye mashindano anasimama mtoto mmoja tu, na bande haikubaliwi kuwa na sauti ya mtu. Je, hatuwezi kujaza mapengo kwa ngoma?

Aliegemea jembe. "Wewe ukinisalimu, nimtume mbuzi akuitikie?"

"Hapana, bibi."

"Basi ngoma isinijibie."

Hata hivyo Neema alichaguliwa, maana hakukuwa na sauti nyingine kama ile, na tukampeleka Gitega kwa mazoezi. Direkta alimsikiliza akiangalia saa ya mkononi. "Sauti iko. Lakini ile mapengo inakula dakika. Hamisi, kata."

Hamisi akakata, akatengeneza bande iliyonyooka, bila pengo hata moja. Neema akaiimba mbio, kama mtu anayefukuzwa, akashusha mikro. "Huyu siyo mtu anayesalimu," alisema. "Ni mtu anayeongea peke yake njiani."

"Sikia, mtoto yangu," Direkta akasema, bila ukali. "Iko yule mwingine wa hapa mjini, ana wimbo ya Kifaransa, hana mapengo. Kesho unaimba hivi, ao anaenda yeye."

Neema hakulia. Aliniuliza tu kama tiketi ya ndege ina jina lake au la yule mwingine. Nikasema tiketi bado haina jina.

Kesho yake juri nzima, waamuzi wa mwisho, ilikaa. Neema akapanda jukwaani na kumwomba Hamisi azime bande. Direkta akafungua mdomo, lakini mtoto alikuwa ameshaanza. Alipofika kwenye pengo la kwanza akanyamaza, na kutoka koridoni ikaja sauti nyingine, nene, ya mwanamke, ikaingia pale pale palipoachwa wazi. Ilikuwa sauti ya mama anayepiga deki. Pengo la pili akaingia katibu wa Direkta, mwanamke wa Bugendana ambaye sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya "patron ana mkutano". Alikuwa mlangoni na chupa ya chai mkononi. Waliendelea hivyo mpaka mwisho, watatu, na maji ya deki yakatiririka hadi chini ya viti vyetu bila mtu kuinua mguu.

"Nani amewaambia muimbe?" Direkta akauliza.

"Hakuna, patron," katibu akasema. "Tumesalimiwa."

Direkta alivua miwani akaifuta muda mrefu. Mama yake ni wa Gishubi, milimani. "Mapengo ibaki," alisema hatimaye. "Lakini kule ng'ambo, Neema, nani atakujibu?"

"Nitawaachia nafasi," Neema akasema. "Wakitaka watajibu."

Siku ya mashindano Direkta alisafiri naye. Sisi tulikusanyika kwenye karakana ya Hamisi mjini Muyinga, mbele ya televisheni aliyoifufua mwenyewe. Bibi Sabina aliletwa na wanawake wa Mwakiro. Majirani wa Hamisi wakaja na mitandio yao na sambusa. Neema akatokea, mdogo kabisa katikati ya taa, mikono kwenye mabega ya hewa. Kwenye pengo la kwanza watu wa kule walipiga makofi wakidhani amemaliza. La pili waliliacha kimya. Karakanani Bibi Sabina alikuwa amesimama na anajibu, na wenzake nyuma yake, kila pengo.

"Bibi, picha inachelewa kufika," Hamisi akamwambia kwa upole. "Mtoto ameshashuka jukwaani."

"Kwani salamu ikichelewa inaoza?" Bibi akasema, na hakukaa.

Wanawake wote mle ndani walijibu, hata majirani waliokamata tu sauti bila maneno. Mimi sikujibu. Nilikuwa nawaza kama inafaa kumjibu mtu asiyekusikia.

Matokeo yalipotoka tulikuwa karibu na mkia. Wiki zile Direkta aliulizwa na wakubwa wake mbona mtoto alinyamaza jukwaani, na aliwajibu, "Kanuni." Hakueleza kanuni ya nani. Baadaye fedha za shirika zikakauka, ukumbi wa Gitega ukafungwa, na yule mtoto wa wimbo wa Kifaransa hakupata zamu yake. Hilo bado linaniuma.

Nauliza hata sasa kama ilikuwa sawa kuwapima watoto kwa saa. Lakini mtu akiniuliza ninachokitamani tangu kazi ilipokwisha, ni zile asubuhi za pikipiki, na mtoto ambaye hajafungua mdomo, na mimi na Hamisi tumeshika pumzi kwa niaba yake.

Siku ya kurudisha funguo za ukumbi wa Gitega, Neema alikuja kuniaga, yeye na Bibi Sabina. Alikuwa amekua, anafika begani kwangu. Ukumbini hakukuwa na kiti hata kimoja. Aliweka mikono kwenye mabega yangu akaanza, polepole, na nilijua pengo linakuja. Likaja. Akanyamaza, akanitazama.

Nilijibu kwa kuchelewa. Toni nayo haikuwa yenyewe, na Bibi Sabina alifunika mdomo kwa kitenge asicheke.

Neema akanisubiri nimalize.