Vidole Vyangu Visafi

Leo nimejiaibisha mwenyewe. Mzungu mmoja alikuja shuleni kwetu kutafuta mchoraji wa kupamba ukuta wa sinema mpya. Mimi nilisimama karibu na picha ya samaki aliyoichora Ilunga, rafiki yangu, anayemaliza shule mwezi huu na hana kazi. Ilunga alikuwa ameenda kuteka maji.

“Ni weye ulichora? Iko muzuri sana!” mzungu akaniambia.

Nikaona haya kukana, nikaitikia kwa kichwa. Ilunga akaingia na ndoo wakati jina langu linaandikwa kwa kazi hiyo.

“Ongeza samaki mumoja,” mgeni akasema.

Nikashika burosi ya rangi. Mwalimu wetu, aliyekuwa kando, akashtuka: “Hii ilichorwa na vidole tu. Leta mikono!”

Yangu ilikuwa safi kama ya padri.

Ilunga akanyoosha yake, buluu mpaka kwenye kucha. “Ndugu yangu, kazi ulishakamata. Kamata na vidole vyangu basi.”