Sponji Kwenye Gari la Mwalimu

Juzi nilikuwa kwa fundi wa viti vya magari kule Matisi, Kitale, nikingoja kiti changu kishonwe. Kabla yangu alikuwepo mwalimu mstaafu na gari lake kuukuu la shambani, lile linalonguruma kama mashine ya kusagia mahindi. Fundi alikuwa amelibandika mpira sakafuni, sponji milangoni na zulia juu yake, ili kelele isiingie ndani.

Mwalimu na mkewe walizunguka mtaa mara moja kulijaribu, wakarudi. Fundi akainama dirishani.

"Sasa mnasikizana?"

Mama alikuwa amemgeukia mumewe.

"Ati tunauza shamba ya Ndalu?"

"Si tulikubaliana?"

"Lini?"

"Kila tukitoka Bungoma! Nakueleza, unaitikia na kichwa."

"Naitikia kwa sababu sisikii kitu, bana! Miaka yote hiyo nilidhani unaongea mambo ya mvua."

Mwalimu aliutazama usukani. Kisha akabonyeza sponji ya mlango kwa kidole, akamuuliza fundi kwa sauti ya chini, "Hii gundi ikishakauka, inaweza kutoka?"

"Haitoki," mama akajibu kabla ya fundi. Akafunga mlango. "Twende Bungoma. Uanze mwanzo, na uendeshe polepole."

Walipoondoka, fundi aliniuliza kama gari langu nalo lina kelele. Nilikumbuka yote ambayo mke wangu huniitikia kwa kichwa njiani. Nikamwambia kiti kinatosha.